Sura ya Sita: Ametoka Ofisini, Ufunguo Uko Mfukoni

Katika kila darasa la Linux nililofundisha swali hili limeulizwa, na mara nyingi anayeuliza ni mwanafunzi aliyekaa nyuma, kimya, tangu wiki ya kwanza. Nimeshaeleza kwamba nywila za watumiaji wote zinatunzwa ndani ya faili moja liitwalo /etc/shadow, na kwamba mtumiaji wa kawaida haruhusiwi hata kulisoma. Mwenye ruhusa ni root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Hapo mkono unapanda: "Samahani mwalimu, mimi nikibadilisha nywila yangu kwa amri ya passwd, nani anaandika humo? Maana mimi si root."

Jibu la haraka ni kwamba passwd inaandika kwa niaba yako, na wakati inaandika yenyewe ni root. Ila jibu hilo linazaa swali la pili, na hilo ndilo zito. Programu iliyopewa mamlaka ya root kwa kazi moja inayaachaje ikishamaliza? Kuna amri ya kuyaacha. Tatizo ni kwamba amri hiyo, kwa jina lilelile, haifanyi jambo lilelile katika kila kompyuta. Watu wengi wenye akili timamu na uzoefu wa miaka wameandika programu wakiamini zimeacha mamlaka, kumbe hazijaacha.

## Kompyuta inakujua kwa namba

Ndani ya kila mfumo wa ukoo wa Unix, iwe Linux, FreeBSD, Solaris au macOS, kuna kiini. Kiini ni programu ya chini kabisa, inayosimamia diski, kumbukumbu na programu nyingine zote. Kiini hakikujui kwa jina. Kinakujua kwa namba. Root ni namba 0. Kwenye kompyuta nyingi za Linux mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Ukiwasha programu, inabeba namba yako, na kila inapogusa faili kiini huangalia namba hiyo kabla ya kuruhusu.

Kwa mpango huo peke yake usingeweza kamwe kubadilisha nywila yako mwenyewe. Dennis Ritchie, mmoja wa waliounda Unix katika maabara za Bell huko Marekani, alipata njia. Programu iwekewe alama, na yeyote atakayeiwasha, programu hiyo itumie mamlaka ya mwenye faili la programu badala ya mamlaka ya aliyeiwasha. Maombi ya hataza ya wazo hilo yalipelekwa mwaka 1973, ikatolewa 1979, na baadaye wazo likaachwa litumike na umma bure. Alama yenyewe inaitwa setuid. Andika ls -l /usr/bin/passwd na utaiona kwa macho yako:

-rwsr-xr-x

Tazama herufi ya nne. Mahali ambapo kwa kawaida pana x, yaani ruhusa ya kuwasha, pana s. Herufi hiyo moja ndiyo jibu la mwanafunzi wa nyuma.

## Namba tatu za kaimu

Mwalimu mkuu anasafiri, na mwalimu wa taaluma anakaimu. Akiwa nyuma ya meza ile saini yake ina uzito wa saini ya mkuu, lakini kwenye orodha ya mishahara bado ni mwalimu wa taaluma. Saa nne anatoka kwenda kufundisha Kidato cha Pili. Ndani ya darasa yeye ni mwalimu kama wengine, isipokuwa kwamba ufunguo wa ofisi ya mkuu uko mfukoni mwake.

Programu yenye alama ya setuid ni kaimu wa namna hiyo, na kiini kinaiandikia namba tatu:

- namba halisi: ni nani aliyeiwasha;
- namba ya kazi: cheo inachokitumia sasa hivi, na hii ndiyo kiini hutazama wakati wa kuruhusu au kukataa;
- namba ya akiba: cheo ambacho inaruhusiwa kukirudia. Huo ndio ufunguo wa mfukoni.

Nitaziandika kwa mpangilio huohuo sura nzima: halisi, kazi, akiba. Wewe namba 1000 ukiwasha passwd, inaanza na 1000, 0, 0.

Kuna sababu mbili za programu kushuka cheo, na inabidi zitenganishwe mapema. Ya kwanza ni kushuka kwa muda. Programu ya barua pepe inataka kuandika faili ndani ya saraka yako ya nyumbani, kwa hiyo inavaa namba yako kwa dakika moja ili isirubuniwe ikaandika juu ya faili la mtu mwingine, kisha inarudi kwenye cheo chake. Ya pili ni kushuka moja kwa moja. Seva ya tovuti inahitaji root ili ifungue mlango wa mtandao namba 80, lakini mlango ukishafunguka haina haja ya root tena hadi kesho kutwa. Mdukuzi akija kuiteka baadaye, asikute kitu.

Kwa ufupi: aliyeshuka kwa muda ana ufunguo mfukoni, na aliyeshuka moja kwa moja ameurudisha. Kwa lugha ya namba, 1000, 1000, 0 ni kushuka kwa muda, na 1000, 1000, 1000 ni kushuka moja kwa moja. Ukitazama namba ya kazi peke yake huwezi kuona tofauti.

## Meza moja, kompyuta mbili

Jaribio hili nililifanya kwenye meza yangu, nikiwa na Linux upande huu na FreeBSD upande ule. Nilitengeneza programu ndogo na kuiwekea alama ya setuid. Mwenye faili nilimfanya kuwa mtumiaji namba 500, ambaye si root wala hana ukubwa wowote. Nikaiwasha nikiwa 1000. Pande zote mbili ikaanza na 1000, 500, 500.

Kisha programu ikaomba:

setuid(1000)

Tafsiri ya kawaida, ile iliyo vichwani mwa wengi, ni "sasa mimi ni 1000, basi." Kiini cha Linux kikajibu kimekubali. Kiini cha FreeBSD nacho kikajibu kimekubali. Majibu yanafanana kabisa. Nikazichapisha namba.

FreeBSD: 1000, 1000, 1000.
Linux: 1000, 1000, 500.

Kwenye FreeBSD programu imeurudisha ufunguo. Kwenye Linux imetoka ofisini tu. Mstari uliofuata ulijaribu kurudi, setuid(500), na Linux ikaipokea kama mwenyeji huku FreeBSD ikikataa. Solaris hufuata desturi ya Linux.

Kuna jingine. Nikaanza upya na 1000, 500, 500, nikaandika setuid(500), yaani naomba namba ambayo tayari ninaifanyia kazi. Kwenye Linux hakuna kilichobadilika. FreeBSD ikazigeuza zote tatu kuwa 500, na kumbukumbu ya aliyeiwasha programu ikafutika. Mstari mmoja wa maandishi, upande mmoja haufanyi chochote, upande mwingine unabadili utambulisho mzima.

Linaloniuma zaidi katika jambo hili ni nani anayeumia. Mwenye faili angekuwa root, setuid(1000) ingefuta namba zote tatu pande zote mbili, kwa sababu pande zote zinakubaliana kuhusu root. Sasa chukua mhandisi mwangalifu, aliyeshauriwa vizuri asiwape watu programu ya root pasipo lazima, akahamisha umiliki kwa mtumiaji mdogo. Hajagusa mstari hata mmoja wa programu. Kwenye Linux, ile amri iliyokuwa ikishusha moja kwa moja sasa inashusha kwa muda, na hakuna onyo. Amefanya alichoelekezwa, na kufanya hivyo ndiko kumemtia kwenye shimo.

Mwaka 2019 kosa la aina hii lilikutwa ndani ya bash, programu inayopokea amri unazoandika kwenye skrini nyeusi na ambayo iko karibu kwenye kila kompyuta ya Linux. Bash ikiona namba halisi na ya kazi zinatofautiana, hushuka yenyewe kwa usalama. Ilishuka kwa setuid. Ya akiba ikabaki. Walioirekebisha waliiacha amri hiyo na kuchukua nyingine, ambayo tutaifikia.

## Nyumba mbili, desturi mbili

Unix ya mwanzo ilikuwa na namba mbili tu, halisi na ya kazi. Baadaye ukoo uligawanyika. Upande wa AT&T, kampuni iliyomiliki maabara za Bell, katika toleo lililoitwa System V, wakaongeza namba ya akiba. Upande wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wao mwaka 1983 katika 4.2BSD walitoa amri ya setreuid, ambayo iliweza kubadilishana namba halisi na ya kazi, hii iende kule na ile ije huku. Kila upande ulikuwa umetatua shida moja, ile ya kushuka kwa muda na kurudi, kwa njia yake.

Mwaka 1988 kikatoka kiwango cha POSIX, makubaliano ya namna mifumo ya aina ya Unix inavyopaswa kufanana. Kamati ilikuwa na familia mbili mezani, kila moja ina programu zake zinazofanya kazi na wateja wake. Ikaruhusu desturi zote mbili. Namba ya akiba ikawa hiari. Na pale ilipotakiwa kusema ni nani hasa setuid itamfutia namba zote tatu, kiwango kikasema ni mwenye "mamlaka yafaayo", bila kusema mamlaka hayo ni yapi.

Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Kiwango kinachovunja programu za nusu ya ulimwengu hakuna atakayekifuata. Hata hivyo naamini kosa la msingi lilikuwa pale, nalo si la FreeBSD wala la Linux. Jina moja, setuid, lilipewa kazi mbili zinazopingana, kushuka kwa muda na kushuka moja kwa moja, kisha kila mfumo ukaachiwa uamue ni lini inafanya ipi.

Mwaka 2002 watafiti watatu wa Marekani, Hao Chen, David Wagner na Drew Dean, waliamua kutoiamini miongozo. Walitengeneza programu inayojaribu kila mchanganyiko wa namba kwa kila amri kwenye Linux, Solaris na FreeBSD, kisha wakachora ramani ya kilichotokea. Ramani zilitofautiana, na baadhi ya kurasa za miongozo ya mifumo hiyo zilikutwa na makosa. Mtu aliyesoma mwongozo kwa bidii alikuwa bado anaweza kupotea.

## Kukubaliwa nusu

Linux iliongeza jambo lake. Mamlaka ya root yaligawanywa vipande, na kimoja kati ya vipande hivyo ni uwezo wa kubadilisha namba za watumiaji. Nia ilikuwa njema, programu ipewe kipande inachohitaji tu. Lakini katika viini vya 2.2 vya kabla ya 2.2.16, mtumiaji wa kawaida aliweza kuondoa kipande hicho kabla hajawasha programu ya root.

Kisha akawasha sendmail, programu maarufu ya kusambaza barua pepe. Inaanza na 1000, 0, 0 kama kawaida. Inaomba setuid(1000). Kiini kinatazama: huyu ana namba 0, lakini kipande cha kubadilisha namba hana, kwa hiyo hana "mamlaka yafaayo", kwa hiyo ni mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hubadilishiwa namba ya kazi peke yake. Matokeo ni 1000, 1000, 0. Jibu lililorudi kwa sendmail: imekubaliwa.

Sendmail haikufanya kosa lolote kwa mujibu wa mwongozo. Iliomba, ikakubaliwa, ikaendelea na kazi za mtumiaji ikiamini imeacha ukubwa. Ufunguo wa root ulikuwa mfukoni, na aliyeiwasha alijua upo. Juni 2000 kiini 2.2.16 kikaziba tundu. Watu wa sendmail nao walitoa toleo 8.10.2, linalokagua kama kiini lilichokikuta kina ugonjwa huo na kukataa kufanya kazi juu yake.

## Ombi lililokataliwa, na hakuna aliyesikiliza

Hadithi ya pili iko karibu zaidi na mfuko wako. Wanaokumbuka simu za Android za miaka ile wanakumbuka neno kuroot, yaani kuishika simu kwa mamlaka ambayo mtengenezaji hakukupa.

Ndani ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, kuna mtumishi aitwaye adbd anayezungumza na kompyuta kupitia waya wa USB. Wakati ule aliwashwa akiwa root, kisha akaomba kushuka hadi namba 2000. Linux ya siku hizo ilikuwa na kanuni moja: ikiwa namba unayotaka kuhamia tayari ina programu nyingi kupita kiwango chake, setuid inakataliwa.

Mwaka 2010 ikatolewa programu iitwayo RageAgainstTheCage. Ikiwa chini ya namba 2000 ilijizalisha, nakala juu ya nakala, hadi kiwango cha namba hiyo kikajaa pomoni. Kisha ikamuua adbd. Mfumo ukamwasha adbd mwingine, akiwa root. Akaomba kushuka hadi 2000. Kiini kikasema hapana, pamejaa. Aliyeandika adbd hakuwa ameandika mstari wa kusoma jibu, kwa hiyo mtumishi akaendelea na kazi vilevile alivyo, root, na aliyekuwa upande wa pili wa waya akawa root pamoja naye.

Mwaka 2011, katika Linux 3.1, kanuni ikabadilishwa. Sasa setuid haikataliwi kwa sababu hiyo. Anayeomba anaruhusiwa kushuka, na kiwango kinaangaliwa baadaye, pale anapotaka kuwasha programu nyingine. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana mlango wa kushuka cheo haupaswi kamwe kufungwa.

Kwa ufupi: sendmail iliambiwa ndiyo ambayo haikuwa ndiyo kamili, na adbd aliambiwa hapana asiisikie. Wote walibaki na root.

Kuna na ya tatu, nitaipitia haraka. Amri zinazopokea namba zaidi ya moja zina kanuni kwamba hasi moja, -1, maana yake "hii iache ilivyo". Oktoba 2019 ikatangazwa dosari ya sudo, programu inayokuwezesha kutekeleza amri kwa cheo cha mwingine. Pale msimamizi alipokuwa ameandika kwamba mtu fulani anaweza kuwa yeyote isipokuwa root, mtu huyo aliomba kuwa mtumiaji namba -1. Sudo, ambayo yenyewe hutembea ikiwa root, ikapeleka ombi kwa kiini, kiini kikaziacha namba zilivyo, na amri ya mtu huyo ikatekelezwa na root. Toleo 1.8.28 likarekebisha.

## Afanyeje anayeandika programu

Ipo amri isiyo na mafumbo, setresuid, iliyoanzia kwenye HP-UX ya kampuni ya HP na kuchukuliwa na Linux, FreeBSD na OpenBSD. Ubora wake ni kwamba unataja namba zote tatu wewe mwenyewe. Ukiandika setresuid(1000, 1000, 1000) hakuna kiini kinachokukisia. Bash ilihamia kwenye hiyo.

Utaratibu ninaowafundisha wanafunzi wangu ni huu:

1. Acha vikundi kwanza, yaani namba za makundi ya watumiaji ambazo programu hubeba pia, na namba ya mtumiaji mwisho. Ukishaacha root huna tena uwezo wa kubadilisha vikundi, na utabaki na vya root.
2. Tumia setresuid popote ilipo. Isipokuwepo, soma mwongozo wa mfumo huo mahususi, kisha ujaribu kwa mkono.
3. Soma jibu. Likiwa hapana, programu ife papo hapo.
4. Likiwa ndiyo, bado usiliamini. Omba kurudi kwenye cheo cha zamani. Ukikubaliwa, programu ife.

Hatua ya nne huwashangaza wengi, kwa kuwa inaonekana kama kumtilia shaka mtu aliyeshakujibu. Lakini OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa seva huitumia kila siku kuingia kwenye mashine za mbali, hufanya hivyohivyo: ikishashuka moja kwa moja inajaribu kurudi, na ikifanikiwa inajizima. Ni mistari michache tu. Sendmail ingekuwa nayo kabla ya Juni 2000, tundu lile lisingekuwa na faida kwa mtu.

Kiwango cha POSIX nacho hatimaye kimeipokea setresuid, katika toleo la mwaka 2024, miaka 36 baada ya lile la kwanza. MacOS bado haina.

Ikiwa una kompyuta ya Linux karibu, andika grep Uid /proc/self/status. Utaona namba nne: halisi, kazi, akiba, na ya nne ambayo Linux huitumia kwa mafaili. Kisha, ukiwa root, andika find / -perm -4000. Kila programu itakayotajwa hapo ina alama ya Ritchie, na nyingi mwenye faili wake ni root. Ukiikuta ambayo hujui inafanya nini hapo, anza nayo hiyo leo.